Je, Kutaja Ulemavu Ni Kuomba Sadaka?



Mwezi huu twataka kuliweka mbele yenu swali moja ambalo halikututoka moyoni tangu lilipotufikia. Hatukulitafuta katika vitabu, bali lililetwa mlangoni petu. Na kwa kuwa tulilijibu vibaya mara ya kwanza, twaona si haki kulificha kosa letu. Huenda likamfaa mwingine.

Alasiri moja alikuja nyumbani kwetu binti wa usharika wetu. Huyu ni mwalimu wa shule ya sekondari, naye ana shahada ya kwanza ya ualimu. Macho yake yalipofuka alipokuwa mtoto mdogo, kwa ugonjwa wa surua. Alijifunza kusoma kwa nukta nundu, yaani yale maandishi ya kusomwa kwa vidole, ambayo Louis Braille wa Ufaransa, kijana kipofu, aliyabuni mwaka 1824 alipokuwa na umri wa miaka 15. Siku hizi binti yetu husoma pia kwa kompyuta inayomtamkia maneno kwa sauti.

Tulipokwisha kuamkiana, akatueleza haja yake. Alitaka kuendelea na masomo ya shahada ya uzamili katika chuo kikuu cha ng'ambo, naye alikuwa na karatasi mbili za maombi ya ufadhili. Karatasi ya kwanza ilikuwa ya ufadhili uliowekwa kwa ajili ya wanafunzi wenye ulemavu peke yao. Ya pili ilikuwa ya ufadhili ulio wazi kwa watu wote, lakini ndani yake palikuwa na swali: Je, mwombaji ana ulemavu wowote? Kama anao, aeleze mahitaji yake.

"Baba Mchungaji," akasema, "karatasi ya kwanza yanitaka nizungumze juu ya macho yangu, na ya pili yaniuliza kama napenda kuzungumza. Sijui niseme kiasi gani. Tena zote mbili zataka barua ya mtu anifahamuye."

Wazee wawili wa usharika walikuwapo, nao wakamshauri kwa upendo. Wa kwanza akamwambia, "Mwanangu, katika hiyo ya pili usiandike neno. Wakijua, hawatakuchukua. Ngoja ufike kwanza, ndipo waone." Wa pili akasema, "Lakini katika hiyo ya kwanza usibakize kitu. Waeleze taabu zako zote tangu ulipopofuka. Waandikie hata msomaji alie. Ndivyo watu wa mbali wafunguavyo mkono."

Sisi hatukusema neno, ila tuliahidi kumwandikia barua. Usiku ule ule tukaiandika, na moyo wetu ulijaa huruma. Tukaandika ya kwamba huyu ni kipofu maskini, aliyekulia katika giza na shida nyingi. Ya kwamba wazazi wake ni wakulima wadogo. Ya kwamba yeyote atakayemnyoshea mkono atapata thawabu. Tuliisoma tena, tukaona ni nzuri.

Baada ya siku nne akarudi. Kompyuta yake ilikuwa imemsomea barua ile. Akatushukuru kwa adabu, kisha akasema, "Unisamehe, Baba Mchungaji, nikuulize neno moja. Je, umewaambia kwamba najua kufundisha?"

Tukaichukua barua, tukaitazama tangu mwanzo hata mwisho. Neno hilo halimo. Binti huyu amefundisha somo la historia kwa miaka minne. Jumamosi huwafundisha watoto wa kipaimara katika mtaa wetu, nasi twajua ya kwamba watoto wake hujibu maswali ya katekisimo kuliko watoto wa mitaa mingine, maana tumewauliza sisi wenyewe. Hayo yote tuliyajua, wala hatukuandika hata moja. Tulikuwa tumeandika habari za macho yake, siyo habari zake.

Basi hilo ndilo lililotufanya tukae chini na kufikiri: Mtu anapotaja ulemavu wake ili apate msaada wa masomo, afanya nini hasa? Je, ajidhalilisha? Aomba sadaka? Au adai kilicho haki yake?

Tuyapime kwanza mashauri ya wale wazee wawili, kwa kuwa ndani yake mna hekima, ijapokuwa si kamili.

Mzee wa kwanza alisema, Ficha. Hofu yake si ya bure. Wako watu waliosema kweli juu ya mwili wao, wakafungiwa mlango. Nasi hatuna ruhusa ya kuwacheka wanaoficha, kama sisi hatujafungiwa mlango wowote. Walakini wahenga walisema, mficha uchi hazai. Fikirini itakavyokuwa mwanafunzi kipofu akifika chuoni, wala hapana aliyejua. Vitabu vya mwaka ule vimekwisha kuchaguliwa, na hakuna hata kimoja kilichotayarishwa ili asome kwa vidole au kwa sauti. Mwalimu huandika ubaoni na kuendelea. Chumba chake kipo mbali, ng'ambo ya barabara kubwa asiyoijua. Wenzake wanaanza kusoma siku ya kwanza, na yeye anaanza kuomba ruhusa ya kusoma. Mwezi wa tatu walimu watasema hana uwezo, na kumbe kilichokosekana ni matayarisho ambayo hakuna aliyeambiwa ayafanye.

Tena tupambanue mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kunyamaza si kusema uongo. Mtu hana wajibu wa kumweleza kila aulizaye habari za mwili wake. Hiyo ni siri yake, naye ndiye mwenye kuifungua. Mahali pasipoulizwa, wala pasipohitaji msaada, anaweza kunyamaza na dhamiri yake ikawa safi. Lakini kuandika kwamba sina, hali ninao, huo ni uongo, na mara nyingi humrudia aliyeusema. Musa alipoitwa, hakumficha Mungu uzito wa ulimi wake. Wala hakuondolewa uzito huo ndipo atumwe. Alitumwa pamoja na ndugu yake Haruni, awe kinywa chake. Tumeisoma habari hiyo mara nyingi kama habari ya mtu aliyesitasita. Tuisome pia kama habari ya mtu aliyetaja haja yake, akapewa mtu wa kufanya naye kazi.

Mzee wa pili alisema, Wafanye walie. Shauri hili ndilo tulilolifuata sisi, kwa hiyo twalisema bila ukali. Mtu aketiye langoni na kuonyesha jeraha lake huonyesha jeraha kwa sababu hakuna kingine ambacho wapitao hukubali kukitazama. Tukimfundisha mwalimu mwenye shahada kufanya vivyo hivyo, twamrudisha langoni, naye alikuwa amekwisha kuingia ndani. Huruma si dhambi. Lakini huruma hutoa mara moja na kusahau. Humpa mtu chakula cha leo, lakini haimwandalii kiti cha kesho. Tena wale wanaoamua juu ya ufadhili wa masomo hawatafuti mtu wa kumlilia. Wanatafuta mtu atakayesoma hata mwisho. Barua yenye machozi tu yawaacha hawajui kama atasoma.

Sasa tulikabili swali lenyewe: ni sadaka, au ni haki?

Tuchukue mfano wa nyumbani. Watu wawili wametumwa sokoni kununua mzigo mmoja wa mahindi kila mmoja, na kila mmoja amepewa fedha sawasawa. Mmoja njia yake ni kavu. Wa pili njia yake inakatwa na mto, naye hana budi kumlipa mwenye mtumbwi. Atakapofika sokoni, fedha zake zimepungua. Je, aliyempa wa pili nauli ya mtumbwi amempendelea? Hapana. Amefanya ili wote wawili wafike sokoni na fedha zile zile. Mtaalamu wa uchumi Amartya Sen wa India, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998, ameeleza jambo hili kwa urefu: ya kwamba fedha sawa haziwapi watu maisha sawa, kwa kuwa mwenye ulemavu hupata pungufu, na tena hutumia zaidi ili kulifikia jambo lile lile. Mwanafunzi asiyeona hulipa ada kama wenzake, kisha humlipa msomaji, hununua chombo cha kusomea, huchukua msindikizaji mpaka azoee njia. Asiyesikia huhitaji mkalimani wa lugha ya alama katika kila somo. Atembeaye kwa kiti cha magurudumu hawezi kukodi chumba cha bei ndogo kilicho juu ya ngazi. Hiyo ndiyo nauli ya mtumbwi.

Hata wanafalsafa wa kale waliliona hili. Aristotle wa Uyunani, alipofundisha juu ya haki iliyo bora kuliko sheria iliyoandikwa, alitoa mfano wa rula ya risasi waliyoitumia waashi wa kisiwa cha Lesbos. Rula ya mti au ya chuma hainyumbuki. Lakini rula ya risasi hujipinda kulifuata jiwe lenyewe, na bado ni kipimo. Haki yapaswa kuwa hivyo: haiachi kupima, ila hulifuata umbo la jiwe.

Na katika siku zetu neno hili halikubaki kwa wanafalsafa tu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya Haki za Watu Wenye Ulemavu ulipitishwa Desemba 2006. Tanzania iliuridhia mwaka 2009, na mwaka uliofuata, 2010, ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Ibara ya 24 ya mkataba ule yahusu elimu. Nayo haikomi kwenye shule ya msingi, bali yataja elimu ya juu na mafunzo ya ukubwani, na yaagiza kwamba matayarisho yanayofaa yafanywe ili mwenye ulemavu asome pasipo kubaguliwa. Basi mtu akiandika mahitaji yake katika karatasi ya maombi, hasemi jambo la aibu. Asema lile ambalo mataifa yamekubaliana kulisikiliza.

Tena inafaa mjue ya kwamba ufadhili wa namna hii hauko wa aina moja. Upo uliowekwa kwa wenye ulemavu peke yao. Katika Uingereza, Lord Snowdon, ambaye aliugua polio ujanani mwake, alianzisha mwaka 1981 mfuko wa kuwasaidia wanafunzi wenye ulemavu, na mfuko huo hutoa pia ufadhili wa shahada ya uzamili. Aina ya pili ni ule unaohesabu ulemavu kuwa kizuizi kimoja kati ya vingi. Hivyo ndivyo ulivyokuwa mpango wa Mfuko wa Ford wa Marekani, ulioendeshwa tangu 2001 hata 2013 katika nchi 22, na Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwamo. Ule uliwatafuta makusudi watu waliozuiliwa elimu ya juu kwa umaskini, kwa kukaa mbali, kwa kuwa wanawake, au kwa ulemavu. Na watu zaidi ya 4,300 walipata kusoma. Aina ya tatu ni ule ulio wazi kwa wote, lakini mwenye ulemavu akichaguliwa, huweza kuomba gharama zake za ziada. Hivyo hufanya DAAD, lile shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi. Na hapo ndipo lile swali la karatasi ya pili lilipo na faida: asiyetaja, hawezi kuomba nauli ya mtumbwi.

Twajua ya kwamba wako watakaouliza, "Je, kijana mzima aliye maskini? Viti ni vichache. Akipewa huyu, yule amekosa." Swali hili si la uchoyo, wala tusilijibu kwa haraka. Ni kweli kwamba kiti kimoja hakikaliwi na wawili, na kijana aliyekosa ana huzuni ya kweli. Lakini na tuhesabu viti vyote, siyo hiki cha mwisho tu. Katika darasa la kwanza yule mzima alikuwa na kitabu, na kipofu alisubiri kusomewa. Katika mtihani yule mzima alipewa karatasi, na kipofu pengine alipewa karatasi iliyochelewa. Kabla hawajafika mlango huu, mmoja amekwisha kupita milango mingi iliyofunguliwa kwa kipimo chake, na mwingine amekwisha kugonga milango ile ile iliyofungwa. Anayekihesabu kiti cha mwisho peke yake hajamaliza hesabu.

Wala ufadhili hautolewi kwa sababu ya upofu. Mwombaji hupimwa elimu yake kama wengine. Mtihani wa Kiingereza wa kimataifa uitwao IELTS, kwa mfano, huweza kutayarishwa kwa nukta nundu, na mtu akaongezewa muda. Lakini kiasi cha Kiingereza kinachotakiwa ni kile kile. Kilichobadilika ni karatasi, si kipimo.

Wako na wengine, hasa wenye ulemavu wenyewe, waulizao kwa uchungu zaidi: "Nikiupata kwa njia hii, nitajuaje kama nimeweza? Je, si wataniambia nimebebwa?" Binti yetu naye alituuliza hivyo. Tulimjibu kwa kujitazama sisi wenyewe. Sisi tulisomeshwa seminari kwa sadaka za sharika. Watu ambao hatukuwajua walileta ndizi, mahindi na shilingi zao, nasi tukala, tukasoma. Hatukuwa na fedha. Jambo hilo liliandikwa wazi katika maombi yetu, na hakuna aliyetuita ombaomba. Tena tangu tulipopita miaka 40 hatuwezi kuyasoma maandishi madogo pasipo miwani. Kila Jumapili twaivaa mbele ya watu wote, na hakuna hata mmoja aliyesema ya kwamba mahubiri yetu yamebebwa na miwani. Msaada ukiwa wa watu wengi, twauita desturi. Ukiwa wa wachache, twauita upendeleo. Hapo kosa li katika kuhesabu kwetu.

Na tusisahau methali yetu, hujafa hujaumbika. Mwenye macho leo hajui kesho. Mlango tunaomfungulia mwenzetu, huenda tukapita wenyewe.

Sasa tumtazame mtu mmoja aliyeijua njia hii kabla yetu. Taha Hussein alizaliwa mwaka 1889 katika kijiji cha Misri. Alipokuwa mtoto mdogo aliugua macho, akatibiwa vibaya, akapofuka. Alisoma Al-Azhar katika mji wa Kairo, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Misri, kilichofunguliwa mwaka 1908. Chuo hicho kilikuwa kikiwapeleka vijana Ulaya kwa masomo ya juu, naye akaomba apelekwe Ufaransa. Akakataliwa. Akaomba tena, akakataliwa tena. Hakuweza kuuficha upofu wake, kwa maana wote waliuona. Mwaka 1914 akaimaliza kazi yake ya udaktari, akawa mtu wa kwanza kupewa daraja hiyo na chuo kile. Na habari aliyoiandika ilikuwa juu ya al-Ma'arri, mshairi wa Shamu wa zamani, ambaye naye alikuwa kipofu. Ndipo alipopelekwa Ufaransa, kwanza Montpellier, baadaye Paris. Huko alisomewa vitabu na watu wengine. Na mmoja wa waliomsomea, Suzanne, akawa mkewe mwaka 1917. Mwaka 1918 akapata udaktari wa pili, katika chuo cha Sorbonne. Mwaka 1950 akawa Waziri wa Elimu wa Misri, akaondoa ada katika shule za sekondari, kwa kuwa aliamini ya kwamba elimu ni ya watu wote kama yalivyo maji na hewa.

Twapenda kuisimulia habari hii, lakini tuitumie kwa uangalifu. Tusiseme, Mpeni kipofu huyu nafasi kwa sababu atakuwa Taha Hussein. Vijana wazima hatuwadai wawe mawaziri ndipo wapewe kiti darasani. Twawapa kiti, nao wengine huwa walimu wazuri, wengine huwa wa kawaida, na wachache hutushangaza. Mwenye ulemavu naye ana haki ya kuwa wa kawaida. Jambo tunalolichukua kwa Taha Hussein ni jingine: ya kwamba wale waliomkataa walikuwa watu wenye elimu, nao walidhani wanaona vema. Nasi tulioandika ile barua tulikuwa na shahada, tukadhani twaona vema.

Hapa twafika kwenye kosa letu wenyewe, ndugu zangu, nalo ndilo lililotusukuma kuandika.

Amri ya nane twaifundisha watoto wa kipaimara kila mwaka: tusimshuhudie jirani uongo. Luther alifundisha kwamba amri hii haiishii katika kukataza masingizio, bali yatuagiza kumtetea jirani na kuyanena mema yake. Sisi tulidhani yawahusu wasengenyaji na mashahidi wa mahakamani. Hatukudhani yaihusu barua ya huruma. Lakini barua ya kumshuhudia mtu ni ushahidi, na sisi ndio mashahidi. Tukijua ya kwamba mtu anafundisha vema, nasi tukaandika tu ya kwamba anateseka, tumeficha lililo kweli mbele ya wale wanaohukumu. Kila neno la barua yetu lilikuwa kweli, na barua nzima ilikuwa uongo. Wala hatukuusema kwa chuki; tuliusema kwa wema, na kwa hiyo hatukuuona.

Kwa hiyo, ndugu wainjilisti, na wote mtakaoombwa barua za namna hii, twawapa mashauri haya machache tuliyojifunza kwa haya ya uso wetu.

Kwanza, andika anayoyaweza kabla ya kuandika yanayomzuia. Taja kazi, taja miaka, taja ulichokiona kwa macho yako. Usiandike kwamba ana bidii, andika alichokifanya.

Pili, ulemavu uutaje kama yeye mwenyewe alivyoutaja, wala usizidishe. Muulize kwanza, "Mwanangu, wataka niandike nini juu ya jambo hili?" Mwili ni wake. Pengine yako mambo ya ugonjwa wake ambayo hataki yajulikane, na kalamu yako isiyatangaze.

Tatu, msaidie kuandika mahitaji kwa hesabu, si kwa huzuni. Msomaji ni wa saa ngapi kwa juma? Chombo cha kusomea ni cha bei gani? Atahitaji msindikizaji kwa majuma mangapi? Anayegawa fedha hawezi kugawa kwa kuambiwa kwamba shida ni nyingi.

Nne, angalieni tarehe. Cheti cha daktari huchukua muda, vyeti vya chuo huchukua muda, na matayarisho ya mtihani kwa nukta nundu au kwa muda wa ziada huombwa mapema, si siku ya mtihani. Wengi hukosa kwa sababu ya siku tatu, wala si kwa sababu ya macho.

Tano, akikataliwa, mwendee. Usimwambie tu kwamba ni mapenzi ya Mungu. Keti naye, mtazame kilichopungua katika maombi, mjaribu tena mwaka ujao.

Shauri hili la tano twalisema kwa kuwa limetupasa. Tuliichana ile barua ya kwanza, tukaandika nyingine. Ilikuwa fupi kuliko ile, na ilituchukua siku mbili, kwa maana ilitubidi kwenda shuleni kwake na kuketi nyuma ya darasa lake. Tulimsikia akiwafundisha wanafunzi habari za Vita vya Maji Maji pasipo kushika karatasi yoyote, akiwaita kwa majina kwa kuzijua sauti zao. Na mmoja aliyekuwa akinong'ona kule nyuma, karibu nasi, akaitwa kwa jina lake. Hayo tukayaandika. Juu ya macho yake tuliandika mistari miwili, kama alivyotaka.

Karatasi ya kwanza ilirudi na jibu la kukataa. Ya pili, ile iliyouliza swali, naye akalijibu kwa kweli, imempeleka mpaka kwenye mahojiano. Na tunapoandika haya jibu la mwisho halijafika. Twakiri ya kwamba tungependa kuwaletea habari iliyokamilika, lakini ndivyo mambo yalivyo. Yeye anaendelea kufundisha. Juma lililopita alitupa karatasi ya tatu, ya mwaka ujao, akasema, "Baba Mchungaji, safari hii njoo usikilize somo la Kidato cha Nne."

Basi, twawaombeni jambo moja. Kila mmoja wenu autazame mtaa wake: yupo nani aliyesoma hata akafika mbali, naye sasa ameketi nyumbani kwa sababu watu walimhurumia, wala hawakumwuliza ataka kusoma nini? Mwendeeni, mkamwulize. Kisha mtuletee jina lake kabla ya mwisho wa mwezi wa nane, ili barua ziandikwe mapema.